Maji Tahiri na Maji Salama



Katika msimu wa mavuno ya mpunga uliopita alitujia mzee mmoja wa hapa kwetu Kambarage, mjini Shinyanga. Ilikuwa baada ya sala ya Alasiri, watu wamekwisha tawanyika, naye akabaki amekaa kwenye jamvi kama mtu mwenye neno zito kifuani. Tulikuwa tumekwisha kumpa mkono wa taazia, kwani wiki ile tulimzika mjukuu wake wa miezi kumi.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kijana wake alirejea kutoka machimbo ya dhahabu ya upande wa Geita, amekonda, tumbo linamsokota, naye anahara damu. Familia nzima ilikuwa shambani, nje ya mji, ambako bomba halijafika, na maji yao yalikuwa ya lambo wanakonywesha ng'ombe. Hazikupita wiki mbili, mtoto naye akaanza kuharisha majimaji mfululizo. Majirani wakasema anaota meno. Akangojewa siku tatu. Siku ya nne macho yalikuwa yamezama, hana machozi wala mkojo, na kabla hawajafika mjini akafariki dunia.

Mzee akatuuliza: "Maalim, nimefundishwa tangu utotoni kwamba maji yakiwa mengi, yakafika kulla mbili, hayanajisiki ila yakibadilika rangi, au ladha, au harufu kwa sababu ya najisi. Lile lambo ni kubwa, na rangi yake ni ya udongo tu. Nimeyatawadhia maji yale, nimeyasalia. Basi yamewezaje kutuulia mtoto?"

Swali hili si la mzee huyu peke yake. Tumeona tulijibu katika ukurasa wetu huu wa mwezi, kwa kuwa ndani yake limo kosa ambalo nyumba nyingi zinalifanya bila ya kukusudia.

Kwanza twasema: aliyofundishwa mzee ni kweli. Hiyo ndiyo hukumu ya maji mengi katika madhehebu yetu ya Kishafii, na sala zake kwa maji yale ni sahihi, inshallah. Lakini hukumu ile inajibu swali moja tu, nalo ni hili: je, maji haya yafaa kwa ibada? Haijibu swali la pili: je, maji haya yafaa kunywewa? Wala wanazuoni wetu hawakuyachanganya mambo haya mawili. Kila aliyesoma vitabu vya mwanzo vya fikihi anakumbuka maji yaliyopata moto wa jua katika chombo cha madini: maji hayo ni tahiri, nayo hutahirisha, lakini wametaja kuwa ni makruhu kuyatumia mwilini kwa kuchelea madhara. Na mtu akitia sumu isiyokuwa najisi ndani ya pipa la maji, maji hubaki tahiri, lakini kuyanywa ni haramu, kwa sababu kuihifadhi nafsi ni wajibu. Basi utahiri ni jambo moja, na usalama ni jambo jingine.

Sasa na tuwatazame hao wadudu waliomo katika maji yasiyokuwa na dalili. Wapo wa namna nyingi, lakini leo tutataja watatu, na namna kila mmoja wao anavyoishambulia nyumba ya tumbo.

Ni lazima tujue kwanza nyumba yenyewe ilivyojengwa. Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba umejaa vijinyuzi vidogo sana vilivyosimama kama nyuzi za taulo, na kila kijinyuzi kimefunikwa kwa safu moja ya chembe hai, ambazo huitwa seli. Katika mtu mzima, kila siku hupita ndani ya matumbo kiasi cha lita nane au tisa za maji: mengine aliyoyanywa, na mengi zaidi ni mate na maji ya tumbo lenyewe. Karibu yote hurudishwa mwilini na seli hizo. Huvuta chumvi na sukari, na maji hufuata nyuma yake. Basi seli zikiumizwa, au zikifa, maji hukosa wa kuyarudisha, nayo hutoka nje. Huko ndiko kuhara.

Mdudu wa kwanza ni jiadia. Aliyemwona mwanzo ni Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek, katika mwaka 1681, alipochunguza choo chake mwenyewe kwa kioo cha kukuzia siku alipokuwa anahara. Jiadia haingii ndani ya seli. Yeye ana kitu kama kikombe bapa tumboni mwake, na kwa kikombe hicho hujigandisha juu ya seli za utumbo mwembamba. Wakijaa, vijinyuzi vile hufupika, na mafuta ya chakula hayavutwi. Mgonjwa hujaa gesi, na choo chake huwa chenye mafuta na harufu mbaya. Mtoto anaweza kukaa naye miezi, hana homa, hana damu, illa hakui. Utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi nane, na hapa Tanzania ukafanyika Haydom, uliwafuatilia watoto tangu kuzaliwa, ukaona kwamba waliopata jiadia mapema na kudumu naye walikuwa wafupi zaidi walipofika umri wa miaka miwili.

Wa pili ni amiba, na jina lake tumelizoea sote. Jina la kitaalamu alilopewa na Mjerumani Fritz Schaudinn mwaka 1903 lina maana ya myeyusha nyama za mwili, nalo limemfaa. Huyu huingia mdomoni akiwa amejivika ganda gumu, wala tindikali ya tumbo haimdhuru. Akifika utumboni ganda hupasuka, naye hushuka mpaka utumbo mpana. Huko hushika ute unaoulinda ukuta, akautoboa, kisha akazifikia seli. Kwa miaka mingi wataalamu walidhani kwamba amiba huiua seli kwanza, ndipo akaila. Katika mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, wakaonyesha kinyume: huing'ata seli ingali hai, kipande baada ya kipande, mpaka ife kwa majeraha, na ikisha kufa huiacha na kwenda kwa nyingine. Kwa kung'atang'ata huku hupatikana vidonda vyenye mdomo mwembamba na tumbo pana mfano wa chupa, na hapo ndipo damu hutoka chooni. Wengine hupenya katika damu wakafika kwenye ini na kufanya jipu.

Ajabu yake ni kwamba walio wengi katika wenye amiba huyu hawaumwi hata kidogo. Hutembea, hufanya kazi, hupikia watu chakula, na kila siku hutoa maganda yenye uhai ndani yake. Kwa hiyo mtu asiseme, "Mimi ni mzima, choo changu hakina neno."

Wa tatu ni kriptosporidia, naye ndiye asiyejulikana sana majumbani, ingawa kwa watoto wachanga ni hatari kubwa. Mmarekani Ernest Tyzzer alimweleza katika panya mwaka 1907, lakini haikujulikana kwamba huwapata watu mpaka mwaka 1976. Ni mdogo mno: vifuko vyake mia mbili vikipangwa mstari mmoja havizidi milimita moja, na vifuko kumi tu vyaweza kumtia mtu maradhi. Kila kifuko hufunguka utumboni na kutoa vidudu vinne. Kidudu hujibandika kwenye ncha ya seli, na seli yenyewe ikamkunjulia ngozi yake na kumfunika. Hapo anakuwa yumo chini ya ngozi ya seli lakini hakuingia katika kiini chake, mfano wa mgeni asiyealikwa aliyejenga kibanda barazani, akafungiwa ndani ya ua, naye anakula chakula cha mwenye nyumba. Huko huzaana, na kizazi kipya kikitoka huiharibu seli na kuingia za jirani. Tena baadhi ya vifuko hupasuka humo humo tumboni na kuanza upya, bila ya mtu kunywa maji mengine machafu. Mwenye kinga nzuri hupona mwenyewe kwa wiki moja au mbili. Lakini mtoto mwenye utapiamlo, na mtu mwenye virusi vya UKIMWI asiyetumia dawa, huweza kudhoofika mpaka kufa.

Kati ya mwaka 2007 na 2011 ulifanyika utafiti katika nchi saba za Afrika na Asia juu ya kuhara kwa watoto, na mahali pamoja palipochunguzwa ni magharibi ya Kenya, katika bonde hili hili la Ziwa Viktoria tunaloishi kandokando yake. Matokeo yalitangazwa mwaka 2013. Ilionekana kwamba sehemu kubwa ya kuhara kukali ilitokana na maradhi manne tu, na kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja kriptosporidia alishika nafasi ya pili katika sehemu nyingi, nyuma ya virusi vya rota. Virusi vya rota vina chanjo, nayo hutolewa bure katika zahanati zetu. Lakini kriptosporidia hana chanjo mpaka leo.

Wala mtu asidhani kwamba haya ni maradhi ya mashamba tu. Katika mwaka 1993 mji wa Milwaukee nchini Marekani ulipatwa na kriptosporidia katika maji ya bomba, na watu zaidi ya laki nne wakakadiriwa kuugua. Maji yale yalikuwa yametiwa klorini. Sababu ni kwamba ganda la mdudu huyu haliogopi klorini kama vile viogopavyo viini vya kipindupindu. Sisi watu wa Shinyanga, ambao zamani tulitegemea bwawa la Ning'hwa, tumeneemeka kwa maji ya Ziwa Viktoria yanayosafishwa Ihelele na kuletwa kwa mabomba tangu mradi ule ulipozinduliwa mwaka 2009. Twamshukuru Mungu kwa neema hiyo. Lakini maji yaliyotoka bombani yakiwa mazuri huweza kuharibika ndani ya ndoo iliyo wazi, kwa mkono wa mtoto aliyechota kikombe.

Tukirejea kwa mzee wetu, sasa anaweza kuona jinsi mambo yalivyokwenda. Mwituni kwenye machimbo mapya watu hujaa kwa maelfu kabla ya choo cha kwanza kuchimbwa. Mvua huosha ardhi, na maji yakatuama katika mashimo yale yale wanayochota. Kijana akarejea na maradhi yake. Na shambani, lambo lile lilikuwa likinywesha ng'ombe na ndama, na ndama mgonjwa hutoa kriptosporidia mamilioni kwa mamilioni. Huenda mdudu wa kijana na mdudu wa mtoto hakuwa mmoja, lakini njia ilikuwa moja: kutoka chooni, au zizini, mpaka kinywani. Na katika njia hiyo hapakuwa na rangi, wala ladha, wala harufu.

Basi la kufanya ni nini?

Kwanza, maji ya kunywa yachemshwe. Si kupata uvuguvugu, bali yachemke kwa nguvu, yakitokota, kwa dakika moja kamili. Hakuna ganda hata moja katika haya matatu linalostahimili hapo. Kuchuja kwa kitambaa huondoa tope, lakini hakuwazuii wadudu hawa. Vidonge vya klorini ni vyema, hasa dhidi ya kipindupindu, illa dhidi ya kriptosporidia havitoshi. Maji yakisha poa yatiwe katika chombo chenye mfuniko, na yachotwe kwa kata yenye mpini mrefu, mkono usiguse maji. Na vijana wetu wa machimboni waelewe jambo moja zaidi: maji ya mashimo yanayooshewa dhahabu huweza kuwa na zebaki, na zebaki haiondoki kwa kuchemsha. Maji hayo yasinywewe kabisa.

Pili, mikono. Dini yetu imetufundisha istinja kwa maji, na hilo ni jambo tukufu. Lakini maji peke yake huondoa najisi ya sheria, na huweza kubakisha maganda chini ya kucha. Baada ya istinja mtu aoshe mikono yote miwili kwa sabuni, na kopo la chooni nalo lioshwe, kwa kuwa linashikwa na kila mtu wa nyumba. Kadhalika katika birika za misikiti, maji yachotwe kwa kata. Tusitumbukize mikono na miguu katika maji ambayo mwenzetu atayasukutulia.

Tatu, choo cha mtoto. Kina mama wengi hudhani hakina madhara. Sheria imepunguza uzito wa mkojo wa mtoto wa kiume ambaye hajala chakula zaidi ya maziwa; choo hakikupunguziwa. Ni najisi kama cha mtu mzima, na wadudu wake ni wale wale. Kitupwe chooni, kisitupwe nyuma ya nyumba. Nao watu wa mashamba na machimbo wachimbe vyoo mbali na visima. Mtume wetu (s.a.w.) alikwisha tukataza kujisaidia katika maji yaliyotuama, na katika vijia vya maji, na njiani, na kwenye vivuli vya watu, karne nyingi kabla kioo cha Leeuwenhoek hakijatengenezwa.

Nne, na hili ndilo ambalo lingaliweza kumwokoa mtoto yule: kinachoua katika kuhara, mara nyingi, ni kukaukiwa na maji. Hata seli nyingi zikiharibika, zile zilizosalia bado huvuta sukari na chumvi kwa pamoja, na maji yakafuata. Juu ya kanuni hiyo ndiyo imejengwa dawa ya maji ya chumvi na sukari iitwayo ORS. Katika mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, Daktari Dilip Mahalanabis aliitumia katika kambi ya wakimbizi huko Bongaon, India, palipokuwa na kipindupindu na chupa za maji ya kutundika zimekwisha. Vifo vilivyokuwa kiasi cha watu thelathini katika mia vikashuka chini ya wanne katika mia. Dawa hii ni rahisi, nayo hupatikana zahanati na madukani. Changanya pakiti katika maji salama kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Ikikosekana, tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, katika lita moja ya maji yaliyochemshwa. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo kikombe mpaka nusu kila anapohara, kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha endelea. Aongezewe vidonge vya zinki kwa siku kumi mpaka kumi na nne, kama atakavyoelekeza mganga wa zahanati.

Wala asinyimwe ziwa, wala chakula. Mwenyezi Mungu ameuumba ukuta wa utumbo hata ukawa hujijenga upya kila baada ya siku tatu mpaka tano. Mjenzi yupo kazini. Mkimnyima mtoto chakula, mmemnyima mjenzi matofali.

Tano, msikimbilie madukani kununua dawa ya amiba kila tumbo linapouma. Yupo amiba mwingine asiyedhuru, na chini ya hadubini hafanani na yeyote ila huyu mbaya, hata mara nyingi watu hupewa dawa kwa kosa asilolifanya mdudu. Na dawa hiyo haimponyi mwenye kriptosporidia. Tena yale maneno ya kuota meno, na ile desturi mbaya ya kung'oa yanayoitwa meno ya plastiki katika fizi za watoto, yaachwe. Meno hayaleti kuhara. Mtoto asiyeweza kunywa, au mwenye macho yaliyozama, au ambaye ngozi ya tumbo lake ikifinywa hurudi polepole, au mwenye damu chooni, au aliyehara siku kumi na nne, huyo apelekwe kwa mganga saa ile ile, iwe mchana au usiku.

Mzee wetu alipokwisha kusikia haya alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Basi nilikuwa najua nusu." Nasi tulimwambia kwamba nusu ile aliyoijua ni ya haki, wala asiiache, aiongezee nusu ya pili. Mtoto ametangulia kwa Mola wake kwa ajali yake iliyoandikwa, wala hapana mwenye kumlaumu babu. Lakini wapo wajukuu wengine, nao maji wanayokunywa leo yamo mikononi mwetu.

Tangu siku ile, katika nyumba yake pana vyungu viwili. Kimoja ni cha kutawadhia, na kingine kina mfuniko na kata ya mpini mrefu, wala haruhusiwi mtu kutia mkono ndani yake. Twawaomba wasomaji wetu nao wavitafute vyungu viwili hivyo.

Mwenyezi Mungu atulindie watoto wetu, Amin. Wabillahi Tawfiq.